Mtoto Alipopiga Chafya

Bibi aliyenipangisha chumba kule Japani alikuwa mjane, na kila siku, kabla hajaonja chochote, alimpelekea marehemu mumewe kikombe cha chai. Sebuleni kulikuwa na kabati dogo lenye picha ya mzee huyo. Bibi aliweka chai mbele yake, na wali kidogo, kisha akamwita kwa jina na kumpa habari: mvua imenyesha, kabeji zimepanda bei, yule msichana wa Kenya amesahau tena kufunga dirisha. Msichana wa Kenya ni mimi. Jina langu lilimshinda kutamka, akaamua kuniita Kenya-san, hilo san likiwa neno lao la heshima. Chuoni nako waliniita kwa jina la baba, lakini walilikatakata hivi kwamba baba mwenyewe asingelitambua. Ukiondoa mama kwenye simu, hakuna aliyeniita jina langu mwaka mzima. Yule mzee wa kwenye picha aliitwa mara nyingi kuliko mimi.

Wakati huo sikulitilia maanani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kulikuwa na mengine ya kunikasirisha, kama baridi iliyopenya chini ya mlango, na chai yao ya kijani isiyo na maziwa wala sukari, ambayo kwetu kijijini Boito angepewa mgonjwa wa tumbo. Hata hivyo vilima vya huko vimejaa chai kama vya kwetu. Siku za kuchuma, harufu ya majani mabichi iliingia dirishani, nami nikaamka haraka nikidhani mama ameshatangulia shambani na kikapu.

Halafu kaka yangu akapata mtoto wa kwanza, msichana. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, kina mama wazee wa upande wa baba hukusanyika wakamwitia majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, bila haraka. Jina atakalolipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Mtoto akikawia, husogezewa ugoro kidogo puani. Sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji wetu hapendi kusikia mambo haya. Kwa hiyo aliitwa asubuhi aombe, akanywa chai, akasindikizwa hadi barabarani kwa heshima zote, ndipo shangazi yake baba akatoa kikopo cha ugoro.

Mama alitaka niwepo. Kaka akashika simu, nami nikaketi kwenye ngazi za chuo, kwangu ikiwa mchana, nikitazama kitanda na wanawake waliokizunguka. Nikayasikia majina ya watu ambao makaburi yao nimeyapalilia. Mtoto alinyamaza tu. Kisha netwaki ikapotea.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kutoka kwa kaka. Mama aligeuka akaona uso wangu umeganda kwenye simu, mdomo wazi, macho nusu yamefumba. Akaniita jina. Nilipokosa kujibu akaniita tena kwa nguvu, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mtoto akapiga chafya.

Netwaki iliporudi niliona mabati ya paa peke yake.

"Mbona mmenyamaza?" nikauliza. "Nani amerudi?"

Nilisikia kuku nje, na mtu akisogeza kiti.

"Nitakupigia," kaka akasema, akakata.

Alipopiga alijaribu kulifanya jambo la mzaha. "Ni ugoro tu, bana. Hata mimi nilipiga chafya." Lakini shangazi alikuwa ameyarudia majina yote ya marehemu tangu mwanzo, na mtoto akalala usingizi. Shangazi akafunga kikopo chake. Alisema mtoto ameshasema, na hawezi kulazimishwa aseme mara mbili.

Tangu siku hiyo mama hakuwa na amani. Alipiga simu kila siku.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Umekula? Umekula nini?"

Mwishowe akasema alichotaka kusema. "Rudi nyumbani. Shule iko hata hapa Bomet."

Ningemwacha profesa wangu katikati, ufadhili ungekatika na masomo yangekwisha hapo hapo. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akarudia lile lile. Nikapandwa na hasira. "Mama, mimi sijakufa."

"Sijasema umekufa. Nimesema jina lako limeitwa pamoja na yao, na limeitikiwa."

Nilijitia kucheka, lakini neno lile liliniingia. Mlango wa duka, ule unaofunguka wenyewe ukikaribia, siku moja ulikataa kunifungukia, nikasimama pale hadi mtu mwingine akaja. Kwenye treni kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi huku watu wamesimama. Hayo yalikuwapo tangu zamani na niliyajua. Sasa nilianza kuyahesabu kama ushahidi. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Nikawa najiita jina langu mwenyewe chumbani, kwa sauti, nilisikie tu. Sebuleni, upande wa pili wa ukuta, bibi naye alikuwa akimwita wake.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani, ili wazee wanione na mwili wangu. Mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia. Shangazi yake baba akanifinya mkono mpaka nikalalamika, akanipa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu akanitazama nikimeza, kisha akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki. "Iko na damu," akamwambia mama. "Wacha kusumbuka." Mama akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nami nikalala siku hiyo kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Asubuhi mama akaita jina langu kutoka jikoni. Nikaitika, nikatoka na kanga nikiifunga njiani. Mtoto akanipita mlangoni mbio. Mama alikuwa ameinama, mikono imenyooshwa, na nilipoingia alishtuka kidogo.

"Aa, nimeita huyu," akasema. "Kuja pia wewe, chai iko."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto amepewa jina langu. Nadhani kila mmoja alingoja mwenzake aniambie. Tulipokuwa shambani tukichuma, yeye mstari wake na mimi wangu, mama alisema bila kuinua kichwa, mikono ikiendelea na kazi.

"Tangu uende nilikuwa naita hiyo jina kwa nyumba. Nikiamka naita. Chai ikiiva naita. Naita tu, na najua hakuna mtu. Sasa nikiita, mtu anakuja. Usinikasirikie."

Nilitafuta hasira, mimi ambaye sijawahi kuikosa, nikaikosa. Nilikuwa nimesafiri kote huko ili mama aone kwamba mimi ni mzima. Alikuwa ameona.

"Enda umalize masomo," akasema. "Sina shida tena."

Nikarudi Japani. Mama hapigi simu kila siku sasa. Akipiga hanisumbui kwa maswali, ananieleza mtoto amesema nini, amevunja nini. Wiki iliyopita, mchana, nilikuwa sebuleni nikimsaidia bibi kubadilisha maji ya maua ya mzee, nikapiga chafya. Bibi akatabasamu. Huko kwao husema ukipiga chafya kuna mtu mahali fulani anakutaja.

"Kenya-san," akasema, "nyumbani wanakutaja."

Nikatazama saa. Boito ilikuwa asubuhi, wakati ambao chai imeiva na mama anasimama mlangoni akiita. Niliitika kwa sauti ndogo, kisha nikamalizia kumwaga maji.