Jumapili Tuliyopiga Kura Mlango Ukigongwa

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali hapa London, mwanangu, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja. Nilikuwa nasomea unesi, ulimi wangu mkali kuliko sindano. Vijana wa Kizanzibari tulikusanyika mtaa wa Ilford, nyumbani kwa Mwalimu Haji, mzee aliyetusomesha habari za Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Urusi. Loo, tuliwapenda watu wale! Walifukuzwa kwao, wakahangaika ugenini, hata humu London walikutana wakabishana, na bado wakarudi kwao kushika dola. Penye nia pana njia.

Siku hiyo tukajigawa kwa mjadala, nusu Wabolsheviki, nusu wapinzani wao, kama kwetu zama za siasa, kabla ya Mapinduzi, watu wa vyama waliposusiana hadi harusi na maziko. Kelele tupu!

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwanaidi, mpangaji wa chini, mfagiaji wa hospitali, mtoto mgongoni.

"Jamani, mwenye nyumba ananitolea vyombo nje. Nisaidieni."

"Subiri kidogo, dada," akajibu mwenyekiti wetu. "Tunapigia kura hoja ya haki za wafanyakazi."

Mwalimu Haji akafunga kitabu kwa kishindo. "Wallahi mnanitia aibu! Mnadhani Warusi wale walishinda kwa kubishana? Watu walilia mkate, amani na ardhi, nao wakasema mkate, amani na ardhi. Nyinyi mfanyakazi yuko mlangoni, mnamwambia asubiri?"

Tukashuka sote, Wabolsheviki na wapinzani. Tukarudisha godoro, sufuria na nguo za mtoto, kisha tukajipanga ngazini kama tuko barazani kwetu. Mwenye nyumba alifoka weee, akatutazama tulivyojaa, akaenda zake. Mwanaidi akalala chumbani mwake na mwanawe.

Jumapili iliyofuata alikuja darasani, akakaa kiti cha mbele. Nani angethubutu kumwambia asubiri?

Mwanangu, najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini umesikia. Sisemi kila walilotenda Warusi wale lilikuwa jema. Damu ilimwagika kwao kama ilivyomwagika kwetu. Ila ujasiri wao nausifu mpaka leo, na sikio lao nalisifu zaidi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, basi msikilize anayeumia kabla hujamsemea. Ukisikia hodi, fungua kwanza, kura baadaye.

Mungu akupe moyo wa kuthubutu, mwanangu, na mlango wako usiwe mzito kwa mwenye shida. Amin.