Mkono wa Kushoto wa Koti la Baba

Baba alileta koti lake Jumatatu asubuhi nikaze kifungo kimoja. Hilo tu. Kifungo cha katikati kilikuwa kinaning'inia, na Jumamosi alikuwa anakwenda Nyansurura kumposea mdogo wangu mchumba. Alilitundika kwenye msumari wa baraza ninaposhonea pale Nyamwaga, akasema atalipitia jioni. Jioni alipokuja nilimwambia bado. Kifungo nilikuwa nimeshakikaza tangu saa tatu asubuhi. Kilichokuwa bado ni koti lenyewe, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya meza yangu vipande vipande, ndani ya kiroba cha unga.

Wakati ule nilikuwa nashona sare za shule. Sketi za marinda, kaptula, mashati ya bluu. Ukisimama barabarani asubuhi watoto wakienda shule, nusu ya migongo unayoiona ilikuwa kazi yangu. Watu walinisifu, na sifa zile zilinikera. Sketi ya marinda nilikuwa naikata huku nanyonyesha, huku nabishana na muuza mbolea tuliyechangia naye baraza, na haikosei. Kazi ambayo mikono inaifanya bila wewe inakuachia muda mwingi wa kuwaza, na mimi nilikuwa nawaza makoti.

Ushonaji nilijifunza Tarime mjini, baada ya kufeli kidato cha nne, kwa fundi mmoja mzee ambaye babu zake walitoka pwani. Alinifundisha kila kitu isipokuwa koti. Siku ya kushona koti alikuwa ananituma sokoni kununua uzi, na nikirudi nakuta mabega yameshakaa. Nikimuuliza alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Litakuja, mwanangu. Koti litakuja." Nilisubiri miaka miwili, halikuja. Nikanunua cherehani yangu, nikarudi nyumbani kushona marinda.

Kwenye simu nilitazama mafundi wa kila nchi. Mikono yao inakwenda mbio, lakini pale hasa kwenye bega, pale ninapotaka kuona, video inaruka, na fundi anatokea amelivaa koti anatabasamu. Bando langu liliishia kwenye tabasamu za watu. Mara nyingine nilikuwa naiweka simu chini nikitamani kumgombeza mtu, na hakuna wa kumgombeza.

Kwa hiyo Jumatatu ile, kifungo kikiwa kimeshakaa, niliona bitana, kitambaa cha ndani, imechanika kidogo kwapani. Nikaingiza kidole. Ndani nilikuta kitambaa kingine, kigumu, chenye nywele nywele, ambacho sikujua kama kipo. Koti lile nimeliona tangu nikiwa darasa la pili, baba akilivaa kanisani na misibani, na kumbe miaka yote hiyo lilikuwa na koti jingine ndani yake. Nikachukua wembe nifungue kidogo tu, nione. Nadhani kila mtu anajua "kidogo tu" inaishia wapi. Ilipofika adhuhuri mikono yote miwili ilikuwa imetoka, kola imetoka, na bitana, ambayo jasho la miaka lilikuwa limeshaila, ilinipasukia mkononi.

Na nilifanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja hafanyi. Sikuweka alama ya chaki hata moja.

Jumanne nilijaribu kurudisha mkono mmoja, ukakaa umegeuka nyuma. Nikafumua. Jumatano nikajaribu tena, ukajaa makunyanzi begani. Nikafumua. Mteja akija namwambia sare yake kesho. Mama alipita kumwona mjukuu wake, akaona kiroba, akakifungua kabla sijamzuia.

"Hata ulipokuwa tumboni hukutulia," alisema. "Jumamosi baba yako atavaa nini? Blanketi?"

"Litakuwa tayari, mama."

"Wenzako wameridhika na sketi. Wewe sketi zina nini?"

Sketi hazikuwa na kitu. Hilo ndilo lililokuwa linanitesa, na sikujua namna ya kumweleza mama yangu mtu anavyoweza kuumwa na kitu ambacho hakina ubaya wowote. Baba alipopita jioni tulisema bado, mimi na mama, kwa sauti moja.

Alhamisi nilimwachia mama mtoto, nikapanda gari la asubuhi kwenda Tarime na kiroba changu. Fundi alikuwa mahali pale pale, miwani pale pale kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo umeniletea unga?"

Nikamwaga vipande mezani. Alivipanga kwa kidole, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Nilitegemea anicheke. Badala yake aliuliza la nani, nikasema la baba, akauliza la lini, nikasema keshokutwa anakwenda kuposa. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Kaa hapo," alisema. "Leo sikutumi uzi."

Akachukua mkono wa kulia. Hakunieleza chochote. Alipitisha uzi wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, kwenye ncha ya juu ya mkono, akauvuta taratibu mpaka kitambaa kikajikunja chenyewe, akakipiga pasi ya mkaa kwenye ukingo wa meza, akaushikiza begani, akaliinua koti hewani mkono uning'inie, akautazama unavyoangukia. Akauchomoa, akauzungusha kidogo sana. Akautazama tena. Mara tatu alifanya hivyo. Yule mtu niliyedhani anajua, kumbe naye alikuwa anajaribu. Nilimkasirikia kwa kunificha jambo hilo kuliko kunificha koti lenyewe. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Mmoja huo," alisema. "Huo mwingine ni wako."

Ijumaa nilishona wangu. Nilipitisha bandi, nikavuta, nikapiga pasi. Nikauning'iniza, nikautazama mara moja tu, nikajiambia umekaa. Nilikuwa na haraka, maana kola ilikuwa bado na bitana sina. Dukani hapakuwa na bitana ya kijivu, kwa hiyo nilikata kitambaa cha mashati ya shule, bluu ile ile inayoonekana toka ng'ambo ya mto. Jumamosi asubuhi nilimpelekea baba koti lake. Akalifungua avae, akaiona bluu. Akatazama ndani, akanitazama mimi, akamtazama mama ambaye alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kisha akavaa.

Nilikwenda nao Nyansurura, mimi na shangazi, kama wanawake wa upande wetu. Wenyeji walikuwa wametuwekea viti uani, na jua lilikuwa kali. Kabla hata ya soda kufika, mwenyeji akiwa bado ameushika mkono wake wa kulia, baba aliinua wa kushoto kumsalimu mzee mmoja aliyekuwa mbali, na koti zima likapanda nao. Kola ikamgusa sikio. Aliushusha ule mkono taratibu, akauweka juu ya goti, na toka hapo hakuuinua tena.

Wazee wa pale walivua makoti, wakayatundika migongoni mwa viti.

"Mzee, vua na wewe upate upepo," mwenyeji alimwambia.

"Niko sawa," baba alisema.

Hakuwa sawa. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele mpaka shingoni. Akivua, wakwe wataiona bluu ya shule, na mzungumzaji wetu alikuwa yeye. Alikula kwa mkono wa kulia, akazungumza kwa mkono wa kulia, akashukuru kwa mkono wa kulia. Kila alipouinua, bega la kulia lilitulia kama halijui kinachoendelea. La kushoto lilikuwa na donge juu na mkunjo mrefu kuelekea kwapani. Niliketi mkabala na mabega hayo saa nne nzima. La kushoto hapa niliko, la kulia pale ninapotaka kufika, na shingo ya baba yangu katikati.

Niliona aibu. Lakini nitasema ukweli ambao sijamwambia mama mpaka leo. Katikati ya aibu ile, wazee wakiwa wanaongea Kikurya cha heshima na shangazi akinikanyaga mguu nitabasamu, nilikuwa nataka kulivua koti lile mwilini mwa baba, hapo hapo mbele ya wakwe. Nilikuwa nimeshaona kosa. Mkono ulitakiwa kuzungushwa mbele kidogo, upana wa kidole. Vidole vyangu vilikuwa vinaushona mapajani, chini ya kanga, wala sikusikia tulipokubaliwa. Shangazi alipopiga kigelegele nilishtuka.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Baba aliingia uani kwake, akavua koti, akakaa kwenye kigoda. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa, na bluu ilikuwa imechuja, imemchora makwapa na mgongo. Mama aliona, akaingia jikoni haraka. Nilibaki nimesimama mbele yake kama nilivyokuwa nasimama nikiwa na ripoti mbaya ya shule.

Alilaza koti magotini, akapitisha kidole gumba begani, kulia, halafu kushoto.

"Huu wa kulia nani kashona?"

"Fundi wa Tarime."

"Na huu?"

"Mimi."

Nikaanza kusema haraka haraka kwamba samahani tata, baba yangu, kwamba Jumatatu nitampelekea fundi aumalizie na huo, kwamba bitana nitatafuta ya kijivu hata Sirari, kwamba sitagusa tena kitu ambacho sikuambiwa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Sijakuuliza habari za fundi," alisema. Akanirushia koti, nikalidaka. "Wa kushoto unanivuta hapa, chini ya kwapa. Fumua tena. Harusi bado."

Nikatafuta wembe.