Haielekei Wapi?

Baba alianguka kutoka juu ya mti akikata majani ya mbuzi, kwetu Marangu, akapiga kichwa. Siku ya nne alikuwa bado amelala hospitalini mjini Moshi, hajafumbua macho. Daktari akatuita mimi na mama pembeni.

"Damu imevuja ndani ya kichwa," alisema taratibu. "Haielekei kwamba ataamka."

Mama alizaliwa na kuzeekea kwenye Kichagga. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuza ndizi. Alinigeukia.

"Haielekei wapi?" aliuliza. "Nyumbani?"

Daktari alinitazama. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Ningeweza kumwambia kwa Kichagga, kwa maneno matatu tu. Lakini alikuwa amekumbatia chupa ya mtori, supu ya ndizi, alioupika alfajiri, akiamini mumewe angeamka na njaa.

"Anasema hatarudi nyumbani upesi," nikamwambia. "Itachukua muda."

"Basi tutasubiri," akasema, akarudi kukaa kando ya kitanda.

Jioni hiyo baba mdogo alinipigia simu kutoka Shirimatunda, hapo hapo Moshi. Yeye na baba walikuwa hawajasemezana miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Niambie ukweli, mwanangu. Nije sasa?"

Mama alikuwa ananisikiliza. Uongo wangu ukahitaji wa pili.

"Usiwe na haraka. Anaendelea vizuri."

Baba alikufa kesho yake mchana, mama akimpangusa miguu kwa kitambaa.

Tulimzika kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Baba mdogo alisimama mbali na waombolezaji. Nilipomfuata aliuliza swali moja tu.

"Daktari alikuambia?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Siku ile uliponipigia."

Akavaa kofia yake, akaondoka kabla ya chakula.

Mama nilimwambia wiki mbili baadaye. Hakulia. Alisema kuna mambo angemnong'oneza mumewe sikioni, hata kama hasikii, na kwamba mimi ndiye niliyemnyima. Kisha akaenda kulisha mbuzi.

Krismasi, watu walipopanda mlimani kurudi makwao, baba mdogo alikuja pia. Tulimwona akipita langoni kwetu, akaangalia mbele, akaenda kulala kwa jirani.