Sanda ya Mtani Aliye Hai

Sikusoma. Darasa la pili lilinitosha, mengine nilifundishwa na Kariakoo. Waliponichagua kuwa mweka hazina wa mfuko wa mtaa wetu, pale Mchafukoge, hakuna aliyeniuliza cheti. Walijua shilingi ikiingia mkononi mwangu haitoki bila sababu. Mfuko ulikuwa mali ya umma: michango yetu na kidogo kutoka tawi la chama. Kazi zake mbili, wagonjwa na misiba.

Basi fundi cherehani mmoja, Mnyamwezi, alifiwa na mkewe. Mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na tangu ahamie mtaani tulikuwa tukitukanana kila asubuhi mpaka wateja wake wanashika mbavu. Baada ya arobaini akaacha kunijibu. Namwambia babu yake alimbebea mizigo babu yangu, ananitazama tu. Mtani asiyejibu utani ni mgonjwa, hilo halihitaji daktari. Kisha akamwambia mama mwenye nyumba kwamba amechoka kuishi, akamuuliza cherehani yake ampe nani.

Siku ile ile nikadai kikao. Niliomba nauli ya teksi tumpeleke hospitali kwa daktari wa akili, na posho ya mtu wa kushinda naye, maana sote tulikuwa na biashara zetu. Katibu, mtu mwema lakini mgumu kama nazi, akasema mfuko ni wa wagonjwa na yule hana homa wala kidonda. Mwingine akasema anayehitajika ni shehe. Nikawajibu kwamba dua imeshasomwa, sasa ipande teksi.

Wakakataa.

Nikatoka, nikavua kandambili, nikajilaza kizingitini pa ofisi na kujifunika kanga gubigubi. Walielewa wote. Mtani akilala mlangoni mwa msiba, jeneza halipiti mpaka alipwe chake.

"Mama, inuka," katibu akasema. "Hapa hakuna maiti."

"Bado," nikamjibu humo humo ndani ya kanga. "Akifa mtatoa pesa ya sanda bila hata kikao. Mimi naitaka leo, angali anapumua."

Aliyeanza kucheka ni mjumbe wetu Mhindi, mwenye duka la vitambaa, ambaye fundi alikuwa akinunua nyuzi kwake. Akasema sanda anaiuza yeye, bei yake anaijua, na mwaka huu hataki kumuuzia mtu yule. Katibu naye akashindwa kujizuia. Akasema nipewe, ila niinuke, wanaume wanataka kwenda kuswali.

Fundi alikwenda hospitali, akalazwa, akarudi na vidonge. Mzee mmoja dobi aliyeishiwa kazi ndiye tuliyemlipa posho. Alishinda naye akimsimulia habari za mashati ya watu. Kikao kilichofuata kikaupa mfuko kazi ya tatu: waliochoka. Katibu ndiye aliyelitoa neno hilo, na fedha za kazi hiyo nilizilinda kama mboni ya jicho. Wengine wakaja, mmoja mmoja, wengine kwa mlango wa uani.

Asubuhi moja napita na beseni langu la samaki kutoka Feri, nasikia cherehani inalia. Nikamtupia lile la babu yake, kwa mazoea tu, huku naendelea na njia.

"We Mzaramo," akasema bila kuinua uso. "Mnawalilia walio hai siku hizi? Hata matanga hamyajui."

Nikatua beseni. Samaki wangechelewa sokoni, na wachelewe. Lile tusi lilitaka jibu.