Mtendaji Aliyepeleka Filimbi Msibani

Saa moja asubuhi, Alhamisi. Joyness Buberwa anatembea kando ya mtaro na kijiti chake cha kupimia kina. Kila baada ya hatua chache anakichomeka, anatazama alama, anasema, "Bado kiganja kimoja, tata," yaani baba kwa Kihaya. Mwenye jembe anaguna, anaendelea.

Joyness ni mtendaji wa kijiji kimoja nje kidogo ya Kamachumu, wilayani Muleba, mwaka wa tisa sasa. Mtaro ni wa bomba la maji ya zahanati. Fundi anakuja kesho. Akikuta haujakamilika, mabomba yanakwenda kijiji kinachofuata kwenye orodha. Zimebaki hatua mia tatu na arobaini.

Kwa sasa mama anayekuja kujifungua hubebewa maji na ndugu zake, ndoo nne, kutoka chemchemi ya bondeni. Kupanda nazo ni dakika arobaini.

"Nimejifungulia pale mara mbili," anasema Joyness. "Najua maji yakiisha katikati inakuwaje."

Mpango wake ulikuwa mzuri. Aligawa mtaro kwa vitongoji vinne, kila kaya hatua zake, akaweka wasimamizi, akabandika ratiba. Basi Jumatatu jioni Ta Rugaibula, mzee wa hapa kijijini, akafariki.

Hapa, maiti ikiwa haijazikwa, jembe haliguswi kijiji kizima. Joyness amezaliwa hapahapa na hilo analijua tangu utoto. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ratiba. Jumanne asubuhi akamtuma mgambo apite akipiga filimbi kuita watu kazini. Mgambo akapita nayo hadi mlangoni pa wafiwa.

"Hakutoka hata mmoja. Mgambo akarudi akaniambia, 'Mama mtendaji, nitume kwingine kokote, pale sirudi.'"

Akaenda mwenyewe. Mjane, Ma Kokwijuka, alikuwa ameketi kwenye nyasi alizotandikiwa.

"Mwanangu," alimuuliza, "na mume wangu umemwandika zamu?"

Joyness akapiga magoti. "Nimekosa, mawe," akasema, akimwita mama kwa Kihaya.

Ma Kokwijuka akanyoosha kidole uani. "Ndizi zile hazijamenywa."

Akamenya siku hiyo na asubuhi iliyofuata, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Uani walikuwapo wanawake wa vitongoji vyote vinne, na wasimamizi wake walikuwa palepale wakipasua kuni. Hakuitisha kikao. Aliyeanza ni Dativa, muuguzi wa zahanati.

"Tukishazika, hizo hatua zitakuwaje?"

Wakazigawa upya juu ya maganda: waliomaliza wawachimbie wazee, kitongoji cha juu kianzie mwisho wa mtaro, wafiwa wasiguse jembe. Ta Rugaibula akazikwa Jumatano mchana.

"Kwenye semina walitufundisha kupanga, kugawa kazi, kuongoza na kufuatilia," anasema Joyness. "Kufiwa hakukuwamo."

Leo Alhamisi, saa kumi na moja jioni, zimebaki hatua ishirini.

"Mama mtendaji, leo hatusikii filimbi, imepata mafua?" anauliza Ta Kamala, msimamizi wa kitongoji cha juu.

"Chimba, tata, chimba."

Wanacheka. Kabla jua halijazama, majembe ya pande mbili yanakutana. Joyness anapima mara ya mwisho, anaandika majina ya vitongoji vyote vinne, anafunga daftari.

Mwaka ujao ni zamu ya barabara ya shule, na ratiba yake ameshaanza kuiandika. Kila mwezi ameacha siku tatu tupu.

"Wilayani wataniuliza hizi ni za nini," anasema. "Nitawajibu ni za kuzikana."