Feya Iliyopiga Kushoto

Wiki iliyopita nilirudi Jericho, mtaa wangu wa utotoni, kununua viazi. Nilihamia Mowlem zamani, lakini bado siamini viazi vya mtu ambaye sijabishana naye kwa miaka. Mama wa viazi alifunga gunia langu kwa ukanda wa mpira, ule mweusi unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeushika mwisho wake, nikauvuta, nikauachia, nikauvuta tena. Akaniuliza, "Kwani umekuja kununua viazi ama mpira?" Nikamwambia viazi. Lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda juu ya mabati ya soko, na alikuwa huko, kama ambaye hakuwahi kuondoka: mwewe, akizunguka polepole, akichagua.

Wewe uliyekulia mitaa yetu miaka ya tisini unamjua ndege huyo. Aliweza kukunyang'anya andazi nusu yake ikiwa tayari mdomoni. Mimi nina kesi naye ya zamani, na kwa kuwa umeshakaa, ngoja nikusimulie.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, likizo ya Agosti, wakati ule wa baridi ambapo Nairobi hukaa chini ya wingu moja tangu asubuhi hadi jioni, na nguo zikianikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Niliishi na shosho, bibi yangu, katika nyumba za kaunsil, zile za halmashauri ya jiji, safu zinazotazamana, bomba la maji la pamoja, na kati ya safu na safu uwanja wa udongo uliofagiliwa hadi ukang'aa. Asubuhi ilinuka moshi wa makaa, chai ya tangawizi na sabuni ya kipande. Shosho alikuwa amenipa kuku mmoja mwekundu, akasema, "Huyu ni wako, na shida zake pia ni zako." Kuku akaatamia, akaangua vifaranga kumi na mmoja. Niliwahesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu. Wiki mbili baadaye niliwahesabu mara mbili tena, wakawa watano. Mwewe hakuwa na haraka. Alikuja kama mtu anayetumwa dukani.

Shosho alikuwa akichambua maharagwe ya kuchanganya na mahindi, githeri yetu, alipotoa hukumu. Aliangalia anga, akaangalia kuku, akasema kwamba vifaranga wakibaki wawili, Jumapili itakayofuata tutamla mama yao, kwa sababu yeye hakuja Nairobi kulisha ndege wa porini. Nilijaribu kubishana. Nikasema, labda akibaki mmoja. Shosho akasema wawili. Nikasema basi tungoje shule zifunguliwe. Akarudi kwa maharagwe yake. Shosho akiacha kujibu, ujue soko limefungwa.

Silaha yangu ilikuwa feya. Vitabuni wanaiita manati. Panda lake nililikata kwenye mpera uliokuwa nyuma ya kanisa, na kile kipande cha ngozi cha kushikia jiwe kilikuwa ulimi wa kiatu changu cha shule, jambo ambalo shosho aligundua shule zilipofunguliwa. Mipira niliipata kwa fundi wa baiskeli aliyekaa nje ya soko. Nilimpa chupa tupu ya soda, akanikatia ukanda mmoja kutoka tyubu aliyokuwa ameitandaza magotini. Nikamwambia feya ina mikono miwili. Akasema chupa ni moja. Nikasimama pale nikidai nyongeza, kama unavyodai nyanya moja juu ya fungu, hadi akachoka na mimi, akaokota kipande kingine cha tyubu kwenye takataka zake, akakikata kwa upana ule ule, akanitupia. Nilirudi nyumbani nikitembea kama wakili.

Mwewe alipokuja siku iliyofuata nilikuwa tayari. Nilivuta hadi sikioni, nikaachia, na jiwe likapiga shuka la jirani. Mwewe aliondoka na kifaranga bila hata kugeuza shingo. Wakawa wanne. Wavulana wa safu ya pili waliona yote, na tangu hapo nikipita walinisalimia, "Niaje, askari wa kuku?" Mmoja aliuliza kama shuka lilikuwa limeiba kifaranga.

Mwisho wa safu yetu kulikuwa na mchongaji, mzee kutoka Ukambani, aliyekaa juu ya kigogo akichonga twiga na vifaru kwa ajili ya maduka ya watalii. Vumbi la mbao za muhugu lilijaa nyusi zake na lilinukia vizuri, kama kabati la mtu tajiri. Ujana wake alifanya kazi na wawindaji, kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Alibeba bunduki zao, akazisafisha, akazijaribu kabla hazijapelekwa porini. Walipokatazwa kuua wanyama, yeye akaanza kuwachonga. Alisema kazi ni ile ile, ila hawa wa mbao hawakimbii.

Jiwe langu la pili lilipita karibu na sikio lake. Hakuinua kichwa. Alisema feya yangu inaumwa, lakini kwa kuwa sijui inaumwa wapi, nimeamua kumchukia ndege. Nikamwomba anionyeshe. Akasema nipige msasa twiga kumi. Nikasema wanne. Akasema mwewe hajui hesabu za kupunguza. Tulikubaliana sita, na kifaru mmoja asiyekuwa na pembe, kwa sababu bila pembe ni nusu ya kazi.

Basi nikipiga msasa, jicho moja kwa vifaranga, akanisimulia juu ya bunduki moja, ya zile ambazo kila ukitaka kupiga unavuta komeo nyuma kwa mkono, unalirudisha, ndipo risasi nyingine inaingia. Ilikuwa bunduki ya mwaka mzima bila kukosa. Mvua ikaja, bunduki ikaanza kupiga kushoto. Mwenye bunduki akasogeza kile kidude cha kulengea, ikapiga kulia, akakirudisha, akanunua risasi nyingine, akamlaumu mzee, akamlaumu mkewe. Mzee akaomba siku moja peke yake na bunduki. Hakusogeza kitu. Aliilaza juu ya gunia la mchanga ili mkono wa mtu usiwe na lawama, akapiga risasi tano za pakiti moja, akaenda kuangalia karatasi ya shabaha. Zote tano zilikuwa pamoja, kushoto. Akakaza skrubu zote, akapiga tano nyingine. Kushoto. Ndipo akachukua kipande cha karatasi, akajaribu kukipitisha katikati ya chuma na mbao, kuanzia mdomo wa mtutu kurudi nyuma. Kilikwama. Mbao ilikuwa imekunywa mvua, imevimba, inausukuma mtutu kando. Akaikwangua kidogo kwa kisu, na bunduki ikapona.

Niliposikia hivyo nikatupa msasa, nikaomba kisu nikwangue panda langu. Hilo lilimfanya aache kuchonga. Alisema nimeiba jibu la ugonjwa wa mtu mwingine. "Hujapiga hata tano. Nenda ukapige tano, na usiguse kitu."

Ukuta wa bafu ya pamoja ukawa karatasi yangu. Nilichora duara kwa makaa, nikasimama hatua ishirini, nikahesabu hatua hizo mara mbili, nikaegemeza mkono ulioshika feya juu ya pipa la maji. Mawe matano yakapiga mahali patano. Mzee akaja, akaangalia mawe mfukoni mwangu: moja la pembe, moja bapa, moja kipande cha kigae. Akauliza kama bunduki inaweza kula risasi za aina tano ikakaa na akili. Nikashinda siku nzima nikiokota mawe ya duara, kila moja nikililinganisha na bano yangu, gololi ya kioo, lililozidi nikatupa, lililopungua nikatupa. Nilipata arobaini. Jioni mwewe akachukua wa tatu. Namaanisha, akachukua mmoja, wakabaki watatu. Shosho aliteremsha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, akaisugua kwa majivu, akaiacha mlangoni ikauke.

Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi mawe matano ya ukubwa wa bano yakapiga ukuta yote karibu karibu, yakaacha vishimo ambavyo ungeweza kuvifunika kwa kiganja. Shibiri moja kushoto ya duara. Nilifurahi, nikamwambia mzee kwamba basi tumemaliza, nitalenga shibiri moja kulia. Akanirudisha nyuma hadi hatua arobaini, akaniambia nilenge hiyo shibiri moja kulia. Jiwe likapiga tena kushoto. Kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo lilivyokwenda kando, na mwewe, kama unavyokumbuka, hakai ukutani kwa hatua ishirini.

Nikafungua kamba za panda, nikazikaza upya kwa meno. Tano. Kushoto. Nikabadilisha ngozi. Tano. Kushoto. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama alivyosema, na kila mara nikitamani kubadilisha vitatu. Nikapima mipira kwa uzi: urefu sawa. Upana sawa. Nikapima mara ya pili. Nikamwendea mzee nikiwa na hasira ya mtu mwenye ushahidi, nikamwambia nimepima mara mbili na mipira ni sawa, kwa hiyo ugonjwa ni wake na gunia lake la mchanga.

Akaniuliza, "Ulipima ikiwa imelala?"

Nikasema ndiyo.

"Mara zote mbili?"

Mzee aliingia kwa shosho kuomba pakiti mbili za unga, na shosho, baada ya kuambiwa zitarudi nzima, akazitoa na kusimama pale kuhakikisha. Tukafunga pakiti moja kwenye mwisho wa kila mpira, nikainua panda juu kwa mikono yote miwili. Wa kushoto ulishuka ukasimama. Wa kulia uliendelea kushuka, ukampita mwenzake kwa vidole vinne. Ulikuwa mlegevu, wa tyubu kuukuu, uliochemka juani miaka mingi kabla ya kutupwa. Mmoja ulivuta jiwe, mwingine ulilisindikiza tu. Na huo wa kulia, rafiki yangu, ulikuwa ule wa nyongeza.

Shosho ndiye aliyecheka kwanza. Aliuliza kama bado naona nilimshinda fundi.

Siku hiyo hiyo nilienda kwa fundi wa baiskeli na chupa mbili, nikaziweka mbele yake. Nikamwambia anikatie kanda mbili kutoka tyubu moja, zikiwa zimelala bega kwa bega, na sitaki nyongeza yoyote. Aliweka kisu chini, akanikagua usoni. "Leo unaumwa?" Nilivuta kanda zote mbili pale pale mbele yake, mara mbili, nikitumia jiwe moja zito kama pakiti ya unga. Aliniacha. Nadhani aliniogopa.

Jumamosi kabla ya saa sita nilikuwa nimeegemea pipa. Mawe matano yalikuwa yameshatoboa duara la makaa. Watatu wangu walikuwa wakichokora chini ya bomba, na kivuli kikapita juu ya udongo, kisha kikapita tena, kidogo zaidi. Wavulana wa safu ya pili walisogea kutazama. Nikasubiri hadi akunje mabawa, kwa sababu mzee alisema anayeshuka hawezi kubadilisha njia. Nikaachia. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu amepiga mto. Mwewe aliyumba, akapiga mabawa chini kabisa, miguu mitupu, akapanda kwa shida juu ya paa, na unyoya mmoja ukabaki ukishuka peke yake.

Shosho aliwahesabu mwenyewe. Kisha akaichukua ile sufuria mlangoni, akairudisha juu ya kabati, na Jumapili tukala githeri, ambayo sijawahi kuila tamu hivyo. Mimi nilikimbia na unyoya hadi kwa mchongaji. Aliutazama, akapuliza vumbi kwenye shingo ya twiga.

"Moja si kitu," akasema. "Lete tano."

Shosho ametutoka, na mzee alirudi Ukambani kabla sijamaliza shule. Mahali alipokaa sasa pana kinyozi. Uwanja umejaa vibanda vya mabati hadi hakuna pa kufuga hata kuku mmoja. Wiki iliyopita, gunia la viazi begani, nilipita nyuma ya safu yetu nikaukuta ukuta wa bafu bado umesimama, umepakwa rangi juu ya rangi, na juu yake alama nyekundu ya X, maana wanabomoa wajenge maghorofa. Niliweka viazi chini. Nikapapasa kwa kidole, kushoto kwanza, nikavipata vile vishimo vya Ijumaa, vimekusanyika pamoja, kisha shibiri moja kulia nikavipata vile vya Jumamosi.

Vitano. Nikahesabu tena. Vitano.