Mahindi Yaliyoning'inia Juu ya Meko

Jirani yangu hapa Mumbuni amenunua mashine ya kusagia ya mkono. Kila Jumamosi huibana kwenye meza ya baraza, akazungusha mpini huku akiwahubiria wapita njia kwamba unga wa nyumbani una afya. Harufu ya mahindi yanayosagwa, ile ya joto inayowasha pua kidogo, huvuka ua na kunikuta jikoni. Yeye hujisikia mzima. Mimi hupandwa na hasira, na ninyi nitawaambia kwa nini.

Kwetu Kola tulikuwa nayo kama hiyo, ya chuma, imebanwa kwenye benchi la jikoni. Mpini wake ulikuwa mzito kuliko mimi, au niliona hivyo kwa sababu kaka zangu hawakuwahi kuushika. Kusaga ilikuwa kazi ya wasichana, na msichana nyumbani nilikuwa peke yangu. Juu ya meko mama alining'iniza mahindi ya mbegu, aliyoyachagua mwenyewe shambani na kuyafunga kwa maganda yake ili moshi uyakinge na wadudu wa dumuzi. Yalikuwa ya kienyeji, mafupi, ya kuwahi kukomaa kabla mvua yetu ya kubahatisha haijakata. Hakuna aliyeyagusa, hata siku tulizolala na uji mtupu.

Mwaka mmoja, mvua ikiwa karibu, baba alirudi kutoka kanisani na wageni. Mama alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Ghala lilikuwa tupu na baba alijua, lakini alipenda kusifiwa ukarimu, na sifa zilimlewesha kuliko pombe. Akaingia jikoni, akanyoosha kidole juu.

"Nduku, shusha hiyo mahindi. Siaga haraka, wageni wako na njaa."

"Lakini baba, hiyo ni ya kupanda."

"Kwani umekuwa mama yako? Siaga!"

Nikapukuchua huku nikilia. Kisha nikakaza skrubu ya mashine kabisa, mpini uwe mgumu na unga utoke kidogo kidogo, nikiomba mama afike kabla sijamaliza. Akafika. Akatua mtungi, akatazama magunzi sakafuni, akatazama juu ya meko. Nilingoja apige kelele mpaka wanaume wale waaibike. Badala yake aliniondoa mkono kwenye mpini, akasema, "Toka hapo," akasaga mwenyewe mpaka punje ya mwisho. Wageni waliusifu ugali, wakaomba kuongezewa. Nilimchukia mama kwa kule kunyamaza. Nilimwona mwoga.

Mvua iliponyesha tulipanda mbegu ya kuombaomba, ya sehemu za milimani zenye baridi. Ikarefuka kwa maringo, kisha ikakauka kabla ya kuzaa. Njaa ilipotubana, ndugu za baba walikuja kuuliza mbegu ya nyumba hii ilienda wapi. Baba, mtu mzima na ndevu zake, akanielekezea kidole mbele yao.

"Muulizeni huyu mtoto. Ndiye alisiaga."

Mama hakumwacha amalize. "Mtoto hakusiaga. Ni mimi nilisiaga, na nilijua ni mbegu."

Wakamsema jioni nzima, mwanamke gani huyo asiyejua kuweka nyumba, na baba akatingisha kichwa pamoja nao. Hasira zangu zikamrudia mama: kwa nini anajibebesha uongo?

Nilikuwa na binti yangu mwenyewe nilipoelewa. Siku ile jikoni, mama alikuwa ameshamjua mume wake. Mbele ya wageni, mbegu hangeweza kuinyang'anya tena, lakini alijua lawama itatafuta mtu, na kwamba baba angemtwika yule mdogo kuliko wote. Aliushika ule mpini ili lawama isinipate mimi.

Baba alizikwa mwaka juzi. Mchungaji alisimulia jinsi alivyolisha wageni hata wakati wa njaa, na kanisa zima likapiga makofi. Mama naye akapiga, polepole, akiangalia mbele. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.